Tuliajiri washauri wa afya kazini mara mbili. Mara ya kwanza tulinunua karatasi

Mimi ndiye mwenye faili. Kila fomu ya ruhusa ya ugonjwa katika kiwanda chetu cha samani hupita mezani kwangu, na tathmini hii naiandika nikiwa upande huo wa meza. Si daktari, si fundi. Ni afisa utumishi niliyetumwa kutafuta washauri wa afya ya wafanyakazi na kuhakikisha hawatuli pesa bure. Tuko watu 64: wa kukata, wa randa, wa msasa, wa kuunganisha, wa vanishi, madereva na sisi wa ofisini. Kampuni zenyewe sizitaji. Ya kwanza haipo hapa kujitetea, na ya pili bado tuna mkataba nayo, sitaki maneno yangu yageuke tangazo.

Kilichotusukuma mwanzoni hakikuwa huruma, nisiwadanganye. Mteja mmoja mkubwa alitaka kuona vyeti vya afya vya wafanyakazi kabla ya kutia saini oda, na mkurugenzi akaniambia, "Tafuta watu waje wapime, tumalize." Nikatafuta wa bei nafuu. Wakaja asubuhi na meza za kukunja, wakazipanga uani, wakapima uzito, urefu, shinikizo la damu, sukari, mkojo, na macho kwa zile herufi za ukutani. Kufika saa saba mchana walikuwa wamemaliza watu wote. Mashine ya kupima masikio waliiweka penye kivuli, na kivuli chenyewe kilikuwa ubavuni mwa chumba cha kompresa. Mtu anaambiwa abonyeze kitufe akisikia mlio mwembamba, huku mgongoni kwake kompresa inanguruma. Hakuna aliyeulizwa anafanya kazi gani. Hakuna hata mmoja wa wapimaji aliyevuka kizingiti cha karakana.

Wiki moja baadaye nikapokea vyeti 64, vyote vimeandikwa "Anafaa kwa kazi". Vilikuja na jedwali moja lenye majina ya watu wote na sukari zao, shinikizo zao, na mengine ambayo sikupaswa kuyajua. Jedwali lilitumwa kwangu, kwa mkurugenzi, na kwa mhasibu pia, kwa sababu ankara ilikuwa kwenye barua pepe hiyo hiyo. Kufika jioni, dereva wetu mmoja alikuwa anataniwa getini kuhusu mkojo wake. Nyota moja, na hiyo ni ya kufika kwa wakati.

Sasa hawa wa pili, ambao ndio hasa nataka kuwaeleza.

Tuliwafikia kwa sababu ya kijana mmoja wa kupuliza vanishi. Ndani ya miezi minne alikuwa ameleta fomu sita: kikohozi, kifua kubana, kikohozi tena. Kila alikokwenda aliandikiwa dawa ya mafua au ya mzio. Siku moja nilizipanga fomu zake mezani kwa tarehe, nikaona kwamba zote ni za Alhamisi na Ijumaa. Jumatatu haugui. Na aliporudi likizo ya mwaka, alikaa karibu wiki mbili mzima kabisa, kisha fomu zikaanza upya. Mimi niliona swali. Mkurugenzi aliona mvivu anayejiongezea wikiendi. Akaniagiza nitafute daktari wa kututhibitishia nani anaumwa kweli na nani anatega.

Kwa hiyo simu ya kwanza na daktari wa kampuni hii tulikosana. Nilimweleza shida yetu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kazi hiyo haifanyi. "Dada, nikiwa askari wako wa kukamata watoro, hakuna mtu atakayeniambia ukweli. Na bila ukweli wao sina ninachokuuzia." Akanielekeza kwenye Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unaohusu huduma za afya kazini. Ibara ya 15 inasema watoa huduma hizo wajulishwe kuhusu magonjwa na utoro wa kiafya ili watafute kama chanzo kiko kazini, lakini mwajiri asiwatake wathibitishe sababu za mtu kutofika kazini. Nikaisoma mwenyewe usiku ule. Nikakutana pia na Ibara ya 12: ufuatiliaji wa afya usimgharimu mfanyakazi chochote, usimkate mshahara, na kadiri inavyowezekana ufanyike saa za kazi. Mimi nilikuwa nimeshapanga upimaji ufanyike siku yao ya mapumziko ili uzalishaji usisimame. Nikaufuta mpango kimyakimya kabla hajauuliza.

Nilimrudia mkurugenzi nikamwambia huyu mama ni mgumu. Akasema wagumu ndio wanaojua kazi, mwite. Hilo nampa sifa.

Kabla hawajaleta hata bomba la sindano, walidai mambo mawili: ramani ya karakana yenye kila mashine mahali pake, na karatasi ya usalama ya kila kemikali tunayotumia. Karatasi hizo hutoka kwa mtengenezaji na zina sehemu 16, kuanzia jina la bidhaa na hatari zake hadi namna ya kuihifadhi na kuitupa. Tulikuwa na makopo ya aina 23 stoo na karatasi nne. Nilitumia siku tatu kuwasumbua wauzaji kwenye simu. Siku hizo nilinung'unika sana, nikiona nafanya kazi ambayo nimewalipa wao. Lakini hapo ndipo nilipogundua kwamba vanishi yetu, ile ya makopo mawili, moja vanishi na moja dawa ya kukazia, ina kemikali iitwayo isosayaneti ndani ya lile kopo la pili. Jina hilo sikulijua. Nilijua harufu tu, na mafundi walikuwa wakisema ile ya kukazia "inachoma kooni".

Walikuja watatu: daktari, muuguzi, na mpimaji wa mazingira ya kazi. Huyo wa tatu ndiye sikuwahi kujua kwamba yupo duniani. Hapimi watu, anapima hewa, kelele, mwanga na joto. Siku nzima ya kwanza hakuna aliyeguswa mkono kutafutwa mshipa. Walitembea. Walisimama nyuma ya kila mtu dakika kumi, kumi na tano, kimya, kisha wanauliza, "Unafanya kazi gani hasa?" Fundi akijibu "msasa", wanasema hapana, nioneshe: unaanza na nini, unashika wapi, vumbi linakwenda wapi, unamaliza vipi. Daktari alinieleza baadaye kwamba swali hilo lina umri mkubwa. Tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika mwaka 1700 kwamba mgonjwa aulizwe pia kazi yake, pamoja na maswali mengine ya kitabibu. Nikamkumbuka kijana wa vanishi na zahanati zote alizozunguka.

Mpimaji alikuwa na kichupa cha kutoa moshi mweupe. Akakibinya kwenye meza ya msasa, chini ya bomba la kunyonya vumbi tulilolinunua kwa fahari miaka mitatu nyuma. Moshi ukapanda, ukasita kidogo, ukapinda ukaelekea usoni kwa fundi. Bomba lilikuwa linavuta, mlio tuliusikia, ila mafundi walikuwa wameliinua juu kwa sababu lilikuwa linawazuia mikono. Akatueleza jambo ambalo sasa naweza kulisema usingizini: bomba la kunyonya halivuti kwa mbali kama feni inavyosukuma. Mdomo wa bomba ukiwa na upana wa sentimita 15, basi sentimita 15 tu mbele yake kasi ya hewa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Sisi tulikuwa tumeliweka zaidi ya nusu mita juu. Kwa miaka mitatu tumelipia umeme wa kuvuta hewa safi ya darini.

Kisha akaomba kubaki mpaka mwisho wa zamu. Hapo ndipo aibu ilipotukuta. Ikifika dakika ishirini kabla ya kutoka, vijana huchukua mpira wa kompresa na kupuliza kila kitu: meza, mashine, sakafu, halafu nguo zao wenyewe, wakicheka. Karakana nzima hugeuka ukungu. Alikuwa amewafunga watano vijipampu kiunoni na kichujio kidogo begani, karibu na pua, kikivuta lita mbili za hewa kwa dakika, akapima zamu nzima, na dakika hizo ishirini akazipimia kichujio cha peke yake. Matokeo yalipokuja, wawili kati ya watano walikuwa wamepata vumbi lao jingi zaidi la siku kwenye kusafisha, si kwenye kazi. Vumbi la mbao si uchafu tu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliliweka mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua. Tukanunua mashine za kufyonza zenye kichujio laini na mpira wa kompresa ukafungiwa. Wiki mbili za kwanza ulikuwa unaibwa na kurudishwa. Sasa wamezoea, ingawa bado kuna mmoja namshuku.

Kelele nayo ilinifundisha hesabu. Walianza na kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka, muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Sheria za kazi za Marekani zina hesabu yake nyingine inayoanzia 90, lakini wao walitumia hii yenye tahadhari zaidi. Mashine yetu ya randa ilisoma 97 sikioni kwa mwendeshaji. Piga hesabu mwenyewe: nusu saa. Mzee wetu wa randa huisimamia saa sita kwa siku, na amekuwa nayo miaka kumi na saba.

Na masikio safari hii yalipimwa ipasavyo. Walileta kibanda kisichopitisha sauti ndani ya gari, na watu walipimwa asubuhi kabla hawajaingia karakana, baada ya angalau saa 14 nje ya kelele, kwa sababu sikio lililotoka kwenye mashine muda si mrefu huwa limechoka na hutoa jibu la uongo. Mzee wa randa aliniita mwenyewe akanionesha mchoro wake: mstari unakwenda vizuri, ukifika kwenye sauti nyembamba za hezi 4,000 unatumbukia shimoni, kisha unapanda kidogo. Alama ya kelele hiyo. Muuguzi alimweleza kwa namna ambayo daktari asingeweza: sauti ya mtu utaisikia, neno ndilo litakalokupotea, kwa sababu herufi kama s, f na sh ndizo zinazokwenda kwanza. Mzee akacheka akasema kumbe ndiyo maana nyumbani "fika", "shika" na "pika" kwake ni neno moja, na mkewe miaka yote anamwambia anajifanya. Alicheka, lakini hakurudi kwenye mashine mara moja. Alikaa kwenye benchi muda mrefu.

Viziba masikio tulikuwa navyo, maboksi kwa maboksi. Muuguzi akawaomba watu kumi wavivae kama kawaida. Wanane walikuwa wamevibandika mlangoni mwa sikio kama kizibo cha chupa kilicholegea. Unakisokota kiwe chembamba, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unakisukuma ndani, unakishikilia mpaka kivimbe. Somo la dakika tano ambalo hakuna aliyewahi kutupa. Barakoa vivyo hivyo: walimvisha kila fundi wa msasa kofia ya plastiki kichwa kizima, barakoa ikiwa usoni, wakapuliza ndani dawa chungu. Ukiionja uchungu, barakoa inavuja. Watu kumi na mmoja, saba wakakunja uso. Mwenye ndevu nzuri kuliko wote kiwandani aliambiwa achague moja. Amechagua ndevu, na amehamia kuunganisha.

Sasa ugomvi wa pili, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa simu.

Vipimo vilipokwisha, mkurugenzi alitaka majina. Kwa mawazo yake amelipa, kwa hiyo matokeo ni mali yake, kama vile fundi gari anavyokuambia gari lako lina nini. Mimi nilikuwa upande wake, nakiri. Tulikuwa tumeshapata jedwali mara ya kwanza, kwa nini sasa tunapewa kidogo kwa pesa nyingi? Daktari alituletea karatasi moja kwa kila mtu yenye moja ya maneno matatu tu: anafaa, anafaa kwa masharti, hafai kwa muda. Penye masharti aliandika sharti, si ugonjwa. "Asinyanyue zaidi ya kilo 10 kwa miezi mitatu." "Asifanye kazi ya juu ya ngazi." Mgongo, kifafa, mimba, upasuaji, hayo alibaki nayo yeye na mwenye mwili. Pamoja na hizo alitupa picha ya jumla kwa idara, na idara yenye watu wachache aliichanganya na nyingine tusije tukakisia.

Mkurugenzi akasema, "Daktari, hawa ni wafanyakazi wangu." Akajibiwa, "Kazi yao ni yako." Kikao kikaishia hapo, na mimi nikaandika kwenye daftari langu kwamba mkataba huu hauongezwi.

Kilichonigeuza ni foleni. Muuguzi huja kila Jumanne ya pili, anakaa chumba cha nyuma kwa muda wa saa tatu. Miezi miwili ya kwanza alikuwa anapata watu wawili watatu. Habari ilipoenea kwamba ofisi iliomba majina ikanyimwa, chumba kikajaa. Mtu wa gundi akaonesha mikono aliyokuwa anaificha kwenye glavu, ngozi imepasuka kwa kunawia thina. Wawili wa kukata wakasema vidole vinakufa ganzi. Kwangu mimi mwenye faili, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuleta fomu. Miaka yote nimejisifu kwamba idara ya kukata haina wagonjwa.

Na kuna hili. Mkurugenzi wetu alianza maisha kama seremala, alisimama kwenye randa kabla ya mzee wetu. Kibanda cha masikio kiliporudi mwaka wa pili, aliingia. Alitoka na karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Sijaiona, na hajaniuliza tena karatasi za wengine.

Yule kijana wa vanishi ameniruhusu nimwandike. Daktari alimpa kimrija cha kupimia kasi ya pumzi, akapuliza mara nne kwa siku kwa wiki nne, kazini na nyumbani, siku za kazi na za mapumziko, akiandika namba kwenye daftari. Namba zilishuka kadiri wiki ilivyosonga na kupanda alipopumzika. Akapelekwa kwa bingwa wa mapafu, ikathibitika ni pumu iliyotokana na kazi, chanzo isosayaneti. Mkurugenzi akatoa suluhisho lake lile lile la siku zote, tununue barakoa nzuri zaidi. Daktari akaeleza kwamba mwili ukishakataa kitu hicho, kiasi kidogo mno kinatosha kuufunga mfumo wa pumzi, hivyo barakoa haitamtosha, aondoke pale. Tulibishana mwezi mzima kuhusu posho yake ya vanishi, kwa kuwa kuunganisha hakuna posho. Hapa washauri walitusaidia kidogo tu. Walisema ni jambo la mwajiri. Mwisho posho ikabaki. Ameacha kuleta fomu.

Barakoa, mpimaji alitueleza, ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Kwanza unauliza kama kitu kinaweza kuondolewa, halafu kama kinaweza kubadilishwa, halafu kama kinaweza kufungiwa au kunyonywa, halafu namna ya kupanga kazi na muda, na ukiishiwa yote ndipo unamfunga mtu uso. Tukabadilisha vanishi tukachukua ya maji, ya kopo moja. Na hapa nina lalamiko halali. Hakuna aliyetuambia kwamba vanishi ya maji husimamisha nyuzi za mbao, kwamba baada ya mkono wa kwanza ubao unakuwa na vinyweleo na lazima upigwe msasa tena. Tumeondoa sumu chumba cha vanishi tukaongeza vumbi chumba cha msasa. Fundi yeyote angewaambia wangemuuliza. Walikubali kosa, wakarudi kupima vumbi upya bila malipo, lakini miezi miwili ilikuwa imepita.

Malalamiko mengine. Ripoti ya kwanza ilichelewa wiki sita na ilikuwa kurasa 58, michoro mizuri, lugha ya wao kwa wao. Niliirudisha nikaomba kurasa mbili: nini kifanyike, nani afanye, kwa tarehe gani. Walizileta ndani ya siku nne, maana yake wangeweza tangu mwanzo. Kikao cha kusoma matokeo walitualika sisi wa ofisini tu. Wawakilishi wa wafanyakazi waliingia mara ya pili, baada ya wao wenyewe kulalamika.

Na semina ya msongo wa mawazo ilikuwa bure kabisa. Mtaalamu waliyemkodi alituonesha slaidi na kutufundisha kuvuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne. Vijana wa zamu ya usiku, waliokuwa wamepata usingizi wa saa tatu tu kwa sababu ya oda ya dharura, walihesabu mpaka nne na wengine wakasinzia. Hakuna aliyegusa ratiba ya zamu. Watu wale wale waliokataa kuanza na barakoa kwenye vumbi, kwenye uchovu walianza na barakoa. Nilimwambia daktari hivyo, akanyamaza kidogo, akasema nimempata.

Mashine ya randa bado inapiga kelele. Kuna kichwa kingine cha visu, chenye vipande vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko badala ya visu virefu, ambacho hupunguza kelele sana. Bei yake iko mezani kwa mkurugenzi tangu mwaka jana. Kwa sasa tumenoa visu mara kwa mara, kompresa tumeijengea ukuta, na mzee anapokezana na kijana kila baada ya muda, jambo ambalo hesabu yake inawapunguzia wote wawili lakini haiwatoshi.

Ukinipigia simu kuniuliza uchague vipi, kama walivyofanya maafisa wenzangu wawili, nitakuuliza wewe kwanza: hao unaowataka, watatembea karakana kabla ya kupima watu? Masikio watapimia wapi? Matokeo ya mtu yatakaa kwa nani? Wakikujibu hilo la tatu kwa kukuahidi jedwali zuri lenye majina yote, kata simu. Pia uliza nani atarudi baada ya ripoti, kwa sababu ripoti bila mtu wa kurudi nayo ni ile ile karatasi tuliyonunua mara ya kwanza, imenenepa tu.

Nawapa nyota nne. Ya tano ningempa muuguzi peke yake kama mfumo ungeruhusu. Tumeongeza mkataba kwa miaka miwili, na nimeingiza vipengele vitatu vipya: kurasa mbili ndani ya siku 14, wawakilishi wa wafanyakazi kwenye kila kikao cha matokeo, na fundi mmoja wa idara husika aulizwe kabla ya pendekezo lolote la kubadilisha malighafi. Semina ya kupumua nimeiondoa, pesa yake nimeiombea mtu wa kuja kutazama ratiba ya usiku. Wanakuja tena mwezi ujao, na mpimaji ameomba aanzie stoo ya gundi, mahali ambapo mimi mwenyewe sijaingia mwaka mzima kwa sababu ya harufu.